Bafu la Ghorofani kwa Niyonshuti

Mukantwari alikuwa na magoti magumu kama nyayo. Yalikuwa magoti ya kazi: alitandika karo, vile vigae vya sakafuni. Mwaka 2001 watu wa Cyangugu, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, walikuwa wameshazoea kuona wanawake wakipanda juu ya mapaa na kubeba mawe, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wamekufa, au wamefungwa, au wamevukia Kongo wasirudi tena. Lakini mwanamke wa karo alikuwa yeye peke yake. Na hakuna fundi mwanamume katika mji ule ambaye yeye hakumdharau, wala hakuna aliyefichwa kwamba anadharauliwa.

Ufundi aliupata Bukavu, ng'ambo ya mto, alikozaliwa. Baba yake, mzee Ntawukuriryayo, alikuwa amekimbilia huko wakati wa machafuko ya mwaka 1959, akajifunza karo kwa Mtaliano mmoja mlevi, akatandika mabafu ya matajiri kwa miaka thelathini. Watoto wake wa kiume hawakuishi. Basi akamchukua binti. Akiwa na miaka saba, Mukantwari aliosha karo kwenye beseni. Akiwa na miaka kumi na miwili, aligonga karo kwa mpini wa mwiko na kujua kwa sauti tu ipi imeshika na ipi inadanganya.

Kazini pale kulikuwa na kijana mwanafunzi, Mshi, mtu wa kabila la huko, jina lake Muderhwa. Siku mzee alipompa binti yake mwiko wa kwanza, Muderhwa aliweka wake chini, akasema hawezi kupiga magoti sambamba na msichana.

"Basi simama," mzee akamwambia, bila kuinua kichwa.

Muderhwa akasimama. Alisimama siku mbili nzima, mikono mfukoni, akingoja kubembelezwa. Siku ya tatu hakuja. Baada ya mwezi mmoja akachapisha kadi zenye maandishi ya dhahabu na cheo cha Kifaransa cha fundi mkuu: Maître Muderhwa, Karo na Marumaru. Ufundi wenyewe alikuwa ameuacha nusu, ila kadi zilikuwa nzuri.

Mukantwari alirudi Rwanda mwaka 1995 pamoja na mama yake na mfuko wa vyombo vya marehemu baba. Mumewe alibaki Uvira na mwanamke mwingine. Watu walipomuuliza habari zake, hakuwahi kumtukana. Alisema tu kwamba yule bwana hakuwahi kushika nivo, kile kipimo cha usawa, ikatulia. Akapata shamba dogo Mururu, mlimani, na kila alipoitwa kazini alishuka mjini kwa miguu na mfuko wake begani.

Sasa huyu Niyonshuti. Naye alikulia Bukavu, naye alirudi mwaka ule ule, lakini yeye alirudi na mkoba wa ngozi. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia wafanyabiashara karatasi za forodha pale mpakani, Rusizi ya Kwanza. Ni kazi halali na watu wengi waliifanya bila makuu. Yeye aliifanya kana kwamba mpaka wenyewe umechorwa na babu yake. Alivaa tai kwenda kununua nyanya. Juu ya meza ya sebuleni aliweka gazeti la Kifaransa, lile lile kwa miaka minne, akilikunja upya kila mgeni alipobisha hodi.

Alinunua nyumba ya zamani ya Mgiriki mmoja, kando ya ziwa, yenye ghorofa ya mbao. Mbao nzuri sana, boriti nene ambazo siku hizi huzipati. Juu kulikuwa na bafu, na ndani ya bafu hodhi kubwa la chuma la kuogea ambalo Mgiriki alilisafirisha kwa meli miaka hiyo na ambalo hakuna aliyeweza kulitoa. Maji yenyewe mara nyingi yalipandishwa ngazi kwa bidoni, yale madumu ya plastiki. Lakini Niyonshuti alitaka sakafu ya karo. Alikuwa ameiona kwa mkubwa mmoja wa Kigali.

Akamwita Maître Muderhwa, kwa sababu ya ile kadi. Hiyo ilikuwa mwaka 1999. Karo zikatandikwa, nyeupe za rangi ya maziwa zenye ua la bluu pembeni, na Niyonshuti akawapandisha majirani wote kuzitazama. Mwezi haujaisha, jointi, yaani ile saruji nyeupe inayojaza nafasi kati ya karo na karo, ikaanza kupasuka kama matope ya kiangazi. Baada ya hapo karo zenyewe zikalegea. Ukiingia kuoga ulisikia zinagongana chini ya miguu kama sahani kabatini. Maji yakapenya, yakadondoka sebuleni.

Muderhwa aliitwa tena mara tatu. Mara zote tatu alikuja na kopo la saruji nyeupe, akapaka juu ya nyufa, akafuta kwa kitambaa, akasema, "Voilà," akaondoka. Nyufa zilirudi kabla hajafika kwake.

Huenda mambo yangebaki hivyo. Lakini binti wa nyumba hiyo, Isimbi, akapata mchumba, na ukoo wa mchumba ukaleta habari kwamba watakuja kutoka Kigali kuposa baada ya majuma mawili. Niyonshuti hakuuliza watakula nini wala watalala wapi. Alisema, "Na bafu?" Mkewe, Béata, mwanamke mpole aliyezoea kumaliza mambo kimya kimya, alipanda Mururu kesho yake asubuhi akamtafuta Mukantwari.

Walipofika, Niyonshuti alikuwa ngazini.

"Huyu ndo fundi?" alimuuliza mkewe, kwanza kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili ili anayesemwa asikie vizuri. "Maman, hapa si kwenye kupalia maharage."

"Naona, Papa," Mukantwari akajibu. "Maharage yangu inasimama mustari. Karo zenu hapana."

Alivua viatu, akaingia. Akapiga magoti mlangoni na kuanza kugonga karo moja moja kwa mpini wa mwiko, akisogea kama mtu anayesali. Ilichukua muda mrefu. Kati ya karo themanini na nne, tisa tu ndizo zilijibu sawasawa, tena zile za pembeni ambako hakuna anayekanyaga. Halafu akaomba karai la maji, akaliweka katikati ya sakafu.

"Papa Isimbi, pita hapa mbele yangu. Polepole."

Niyonshuti akapita, kidevu juu. Maji ndani ya karai yakatetemeka, yakajikunja mpaka ukingoni.

"Umeona? Mbao inacheza. Karo haijui kucheza. Mwenye kucheza na asiyecheza, ukibafunga pamoja, mumoja atapasuka."

"Sikukuita unifundishe. Jaza tu hizi nyufa, bageni bapite."

"Nikijaza, zitapasuka bageni bakiwa humu ndani. Mimi natoa sakafu yote, ao narudia kwangu."

"Muderhwa alisema kujaza kunatosha."

"Muderhwa!" akasema Mukantwari. Alilisema jina hilo kama mtu anayetoa unywele mdomoni.

Béata ndiye aliyesema, "Toa yote, Maman."

Siku tatu alikaa mle ndani na patasi. Alikwangua jointi kwanza, maana karo ukiing'oa na jointi yake inavunja jirani. Kisha akaingiza patasi chini ya kila karo, akaipiga kidogo, akaiinua nzima, akaiosha na kuikwangua mgongo. Alivunja kumi na moja tu, na kila alipovunja moja alimtukana Muderhwa, si kwa hasira bali kwa starehe, kwa sababu chini ya karo alikuta kila alichotarajia. Saruji nzito iliyomwagwa moja kwa moja juu ya mbao. Hapana tripleksi, zile mbao pana za kubandikwa tabaka juu ya tabaka zinazofanya sakafu iwe kitu kimoja kigumu. Hapana karatasi ya lami ya kuzuia maji. Hapana wavu. Mbao za Mgiriki zilikuwa nyeusi kwa unyevu, na misumari imechomoza kama imechoka na kazi.

"Njoo, Maman Isimbi, ona ufundi wa batu ba kadi," alimwita Béata. Akachagua bonge moja la saruji lenye alama za mbao upande wa chini, akalitia mfukoni. Alitaka kulipeleka kwa mwenyewe.

Nafasi ilikuwapo, kwa sababu zile karo kumi na moja hazikupatikana kwenye maduka ya Kamembe, upande huu. Akavuka daraja asubuhi pamoja na wanawake wa mboga, akapita mbele ya askari wa upande huu na wa upande ule, akaingia Bukavu. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi kwa mwaka wa tatu. Maduka yalifungua mlango mmoja kati ya mitatu. Hakuna aliyekuwa akijenga bafu. Alimkuta Maître Muderhwa kwake Kadutu saa nne ya asubuhi, amekaa mbele ya mlango juu ya kiti cha plastiki, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, hana la kufanya. Alikuwa amezeeka vibaya.

Mukantwari hakumsalimu. Alitoa lile bonge na kulitua mbele ya miguu yake.

"Baba yangu alikufundisha hivi?"

Muderhwa alilitazama, akaligeuza kwa kidole cha mguu. Alilitambua.

"Kwa Niyonshuti," akasema.

"Juu ya mbao tupu, Muderhwa. Hata Mtaliano, akiwa amelewa, hangefanya."

"Uliza boss wako tripleksi yangu ilienda wapi."

"Tripleksi gani?"

"Sita. Niliandika mimi mwenyewe: tripleksi sita, karatasi ya lami, wavu wa kuku. Vyote vilifika. Niliviegemeza ukutani mangaribi. Asubuhi nakuya, hakuna kitu. Namuuliza, ananiambia mbao juu ya mbao ni hasara, nani ataiona? Anasema, wewe tandika tu."

"Na ukatandika."

"Nilimwambia itapasuka. Naapa mbele ya Mungu, nilimwambia."

"Na ukatandika," Mukantwari akarudia.

Muderhwa akageukia mlango. Ndani ya nyumba mtoto alikuwa akikohoa. "Vita ilikuwa mwaka wa kwanza," alisema. "Batoto batano. Ningefanya nini?"

"Ungesimama. Kusimama ulikuwa unaijua sana zamani."

Hilo lilimuingia. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kasha la karo zilizobaki kwa Niyonshuti, alilokuwa amelificha chini ya kitanda: kumi na nne, nyeupe za rangi ya maziwa, zile zile. Alimkabidhi, hakutaka kitu. Mukantwari alizipokea, hakusema asante. Lakini njia nzima mpaka darajani alikuwa na uchungu, kwa sababu kwa siku tatu alikuwa amemtukana mtu huyu kama mjinga wa jambo ambalo kumbe alilijua sawa na yeye mwenyewe. Mtu akijua, halafu akafanya vibaya, ni duni kuliko asiyejua. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Hata hivyo raha ya kumtukana ilikuwa imepungua.

Aliporudi aliingia sebuleni kumtafuta Béata. Hakumkuta. Akakaa kumngoja, na kwa kuwa alikuwa amechoka, akaegemeza kichwa nyuma, macho yakaenda juu.

Dari ya sebule ile ilikuwa maarufu. Ilipakwa vanishi ya kahawia inayong'aa, na kila mgeni aliambiwa imetoka Bujumbura. Mukantwari akaihesabu. Vipande sita. Tripleksi. Na kwa kuwa sebule ilikuwa chini ya bafu, maji yaliyopenya kwenye karo yalikuwa yamechora juu ya vanishi madoa ya manjano, na vipande viwili vilikuwa vimevimba na kuachana tabaka, vinaning'inia kama maganda.

Alicheka. Alicheka mpaka Béata akaja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga.

"Maman, kuna nini?"

"Hii dari yenu, Maman Isimbi. Ingekuwa juu, chini ya karo, msingekuwa na maji. Bwana wako aliitoa mahali ilipotakiwa, akaipandisha hapa ionekane. Na maji ikashuka ikamfuata." Akamweleza yote aliyoyasikia kwa Muderhwa.

Béata aliinua macho, akayashusha. "Mimi aliniambia Bujumbura," alisema taratibu.

Niyonshuti aliporudi kula mchana, aliwakuta wote wawili wamesimama katikati ya sebule. Mukantwari hakuzunguka. Alisema anazitaka zile mbao.

"Hapana," Niyonshuti akajibu. Hakukana. Hakuona hata haya. Hilo ndilo lililomshangaza fundi kuliko yote. "Bageni batakaa hapa. Bataona nini juu? Boriti tupu, kama ghala?"

"Ni mbao yenu ilioza kwa maji yenu."

"Tafuta zingine."

"Kamembe hakuna. Bukavu hakuna, mimi natoka huko. Kigali ni siku mbili kwenda na kurudi, siku zenu zimebaki tisa, na kazi inataka nane."

"Basi rudisha karo juu ya mbao zile zile, utengeneze iwe muzuri kwa macho. Juu ya siku moja tu! Wewe ni mwanamke wa Mururu, unajua nini juu ya heshima ya wakwe?"

Mukantwari akainama, akaanza kupanga vyombo vyake ndani ya mfuko. Mwiko, patasi, nivo, kamba. Alivipanga polepole, kila kimoja mahali pake, kama mtu anayeondoka bila kukasirika.

Béata alikuwa amevuta meza. Aliliweka lile gazeti la Kifaransa juu ya kiti, akapanda juu ya meza kwa miguu mitupu, akashika pembe ya kipande kilichovimba na kuvuta. Kikatoka na misumari yake na vumbi la miaka miwili, vyote vikamwangukia kichwani.

"Maman Isimbi!" Niyonshuti alipiga kelele. "Utaanguka!"

"Shikilia meza, basi," alisema mkewe.

Alishikilia meza. Alisimama pale na tai yake, ameshika meza kwa mikono miwili huku mkewe akibomoa dari kipande kwa kipande, na Mukantwari alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo kazi pekee ya maana aliyowahi kumwona akiifanya.

Vipande vinne vilikuwa vizima, na vinne vilitosha, maana bafu lilikuwa dogo kuliko sifa zake.

Hapo kazi ikaanza kwa kweli. Mukantwari alibadilisha mbao mbili zilizooza karibu na bomba la kutolea maji, akaongeza vipande vya kukazia kati ya boriti na boriti, akafunga kila ubao kwa skrubu badala ya msumari, kwa sababu msumari hupanda kila ubao unapopumua. Akatandika tripleksi kwa kupishanisha viungo, akaacha nafasi ya kidole ukutani. Juu yake karatasi ya lami, juu ya karatasi wavu wa kuku, juu ya wavu tabaka jembamba la saruji iliyochanganywa na gundi. Aliweka tena lile karai la maji, akamwita Béata apite. Maji hayakutikisika. Ndipo akatandika karo, akianzia katikati na kutoka nje, akagonga kila moja. Jointi aliijaza siku mbili baadaye, akaifuta kwa sifongo mshazari, na pale sakafu inapokutana na ukuta hakutia saruji hata kidogo. Alitia lami laini, ili nyumba ijinyooshe inavyotaka. Mtu yeyote asioge kwa siku tatu, alisema. Niyonshuti alioga siku ya pili kwa Waadventista wa jirani, akinung'unika.

Wageni wakaja. Walikuwa kumi na wawili, wazee waliovaa suti na akina mama wawili waliovaa mishanana, lile vazi la sherehe la Kinyarwanda, wamechoka na kona za msitu wa Nyungwe. Boriti za sebuleni Béata alikuwa amezipaka chokaa, na mmoja wa wazee alizisifu kabla hata hajakaa. Kabla ya vinywaji, Niyonshuti alifanya alichokuwa amekiwaza miaka miwili. Aliwapandisha wakwe zake ghorofani kutazama bafu. Fikiria wazee wanane wamesongamana mbele ya hodhi la Mgiriki, hawajui waseme nini. Mjomba wa bwana harusi, mtu mzito, alipiga sakafu kwa kisigino kwa sababu ya kukosa neno. Sakafu haikujibu chochote.

"Nilimleta spesialisti toka Kigali," Niyonshuti akasema.

Béata alikuwa ngazini na sinia la glasi. "Anatoka Mururu," alisema, si kwa sauti kubwa. "Anaitwa Mukantwari. Na mbao za chini yake zilitoka kwenye dari."

Posa ilipokelewa. Isimbi aliolewa na yuko salama. Shangazi wa bwana harusi, aliyekuwa akisimamia nyumba ya wageni ya watawa huko Kigali, aliandika jina la Mukantwari nyuma ya mwaliko, na baada ya mwezi mmoja akamwita atandike mabafu kumi na manne. Tangu hapo hakukosa kazi tena. Niyonshuti alimtumia habari mara mbili, akimtaka kwa ajili ya jiko. Mara zote mbili alijibu kwamba ana kazi, ingawa mara ya pili hakuwa nayo, alikuwa amekaa tu barazani na mama yake wanachambua mchele.

Kuhusu Muderhwa, alivuka daraja mwaka 2003, amani ilipotangazwa na kabla watu hawajaiamini. Alipanda Mururu na mfuko mmoja, akasimama uani.

"Nasikia unatafuta muntu wa kukata karo."

"Natafuta muntu wa kupiga magoti," Mukantwari akasema.

Mukantwari alifanya kazi naye miaka tisa. Hakumsifu hata siku moja mbele yake. Nyuma yake aliwaambia watu kwamba mkono wake wa kukata ni wa mzee Ntawukuriryayo kabisa, ila kichwa ni chake mwenyewe, na hilo halina dawa. Walikula pamoja mchana, wakiwa wamepeana migongo, na kila mmoja aliamini kwamba anamvumilia mwenzake.